Jembe Nalo Lihesabiwe: Mbio Ndefu, Maumivu ya Miguu na Shughuli za Kila Siku Sandoa

Mafundisho mengi ya mbio ndefu yanayosambaa kwa njia ya simu na vitabu yameandikwa kwa ajili ya mtu anayekaa kitini kutwa, anayekwenda kazini kwa gari, na ambaye miguu yake haijafanya kazi yoyote ya maana mpaka jioni anapovaa viatu vya kukimbilia. Mtu huyo anapatikana Paris na Nairobi, na siku hizi hata katika ofisi za kampuni za migodi mjini Kolwezi, lakini ni nadra kumkuta Sandoa, mji mdogo wa jimbo la Lualaba ulio kando ya mto Lulua, katika nchi ya Walunda na Wachokwe, mbali upande wa magharibi wa ukanda wa shaba. Mkimbiaji wa huko huenda akawa mwalimu mwenye shamba la mihogo, au polisi, au mwanafunzi anayekwenda shule kwa miguu, au mama anayechota maji kabla jua halijachomoza, na kila mmoja wao hufika kwenye mazoezi akiwa amekwisha kubeba, kulima na kutembea. Kwa mtu wa namna hiyo, swali la jinsi ya kujizoeza huku goti likiuma na kazi zikiwa tele haliwezi kujibiwa kwa kuhesabu kilomita alizokimbia peke yake, kwa kuwa mfupa hauulizi kama mzigo ulioubeba ulitoka kwenye mbio, kwenye ndoo ya maji au kwenye jembe.

Ili kuelewa kwa nini wakimbiaji huumia, inafaa kwanza kujua kwamba sehemu za mwili hazijengeki kwa kasi moja. Mtu akianza kukimbia mara kwa mara, utegili, yaani sehemu ya majimaji ya damu, huongezeka katika muda wa siku chache, na baada ya wiki kadhaa mitokondria, ambazo ni vijisehemu vya seli vinavyozalisha nguvu kwa kutumia oksijeni, huongezeka ndani ya misuli, ndiyo maana mtu hujisikia mwepesi na pumzi yake hutulia. Kano, ambazo ni nyuzi ngumu zinazounganisha msuli na mfupa, pamoja na mifupa yenyewe, huchukua miezi. Jambo lisilojulikana na wengi ni kwamba mfupa uliopewa mzigo mpya hudhoofika kidogo kabla ya kuimarika: seli maalumu hung'oa kwanza sehemu zilizochakaa, kama fundi anavyotoa matofali yaliyopasuka kabla ya kuweka mapya, na kazi ya kung'oa huchukua wiki chache ilhali kazi ya kujaza pengo huchukua miezi. Kwa hiyo katika wiki ya tatu au ya nne, wakati moyo na mapafu vinamwambia mkimbiaji kwamba sasa anaweza kwenda mbali, mfupa wa muundi huenda uko katika hali yake dhaifu kuliko zote, na hapo ndipo maumivu ya mbele ya mguu, ambayo mwanzoni huwa ni ya kuwasha tu, yanapoweza kugeuka kuwa ufa wa mfupa unaohitaji wiki nyingi za kupumzika.

Kanuni inayorudiwa sana na makocha, ya kutoongeza zaidi ya asilimia 10 ya mbio kila wiki, inaonekana kutokana na ukweli huo, lakini ilipopimwa haikuthibitika kirahisi. Mwaka 2008 watafiti wa Groningen, Uholanzi, walichapisha matokeo ya jaribio la wakimbiaji wapya, ambapo kundi moja liliongezewa mazoezi polepole kwa wiki 13 na jingine kwa haraka zaidi kwa wiki 8. Katika makundi yote mawili takriban mtu mmoja kati ya watano aliumia. Utafiti mkubwa zaidi, uliochapishwa mwaka 2025 na kuongozwa na wataalamu wa Denmark, ulifuatilia wakimbiaji zaidi ya 5,000 kwa kutumia saa zao za mkononi, ukatoa picha iliyo wazi zaidi: jumla ya wiki haikuwa na uhusiano wa kueleweka na majeraha, bali hatari ilipanda pale mbio za siku moja zilipozidi kwa zaidi ya asilimia 10 zile ndefu kuliko zote zilizokimbiwa katika siku 30 zilizotangulia, na zilipofika zaidi ya maradufu hatari nayo ilizidi maradufu. Kwa maneno mengine, siku moja ya tamaa hudhuru kuliko wiki nzima ya bidii.

Matokeo hayo yana uzito wa pekee kwa watu wenye shughuli nyingi, kwa kuwa mtu asiye na nafasi katikati ya wiki huikusanya kiu yake yote na kuitua Jumapili. Mwalimu ambaye tangu mwezi uliopita hajavuka dakika 40 hutoka kanisani, akaona alasiri yote ni yake, akakimbia saa moja na nusu kuelekea vijijini na kurudi. Jumatatu anafundisha akiwa ameegemea meza. Kipimo chake kilipaswa kutoka kwenye mwezi uliopita, wala si kwenye ukubwa wa nafasi aliyoipata, na kwa hesabu hiyo dakika 44 zingemtosha.

Ardhi yenyewe huongeza hesabu. Sehemu kubwa ya barabara na njia za Lualaba ya magharibi ni udongo mwekundu na mchanga, na mwaka 1998 watafiti wa chuo kikuu cha Louvain nchini Ubelgiji walionyesha kwamba kukimbia juu ya mchanga hutumia nishati takriban mara 1.6 ya kukimbia kwenye ardhi ngumu kwa mwendo uleule. Mchanga hupunguza kishindo cha mguu unapotua, jambo ambalo humpendeza mwenye muundi unaouma, lakini kisigino huzama zaidi kila hatua na shavu la mguu hulazimika kusukuma kwa nguvu, kwa hiyo mwenye kano ya kisigino inayouma atakuwa amekimbilia palepale anapopaswa kupakimbia. Dakika 30 za mchanga haziandikwi kama dakika 30 za barabara ngumu, na anayehama kutoka lami ya Kolwezi kwenda likizo kwao Sandoa afahamu kwamba saa yake ya mkononi, isiyojua mchanga ni nini, itamdanganya.

Kuna mfano mmoja wa Afrika Mashariki unaotajwa kila inapozungumzwa habari ya kukimbia na jeraha, nao unahitaji kusomwa kwa uangalifu kuliko unavyosomwa kwa kawaida. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, Mtanzania John Stephen Akhwari alianguka njiani, akaumia vibaya goti, akafungwa bandeji na kuendelea hadi mwisho kwa saa 3 dakika 25 na sekunde 27, akiwa wa 57 na wa mwisho kati ya waliomaliza, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Wanariadha 75 walianza mashindano hayo. Heshima anayopewa Akhwari ni haki yake. Hata hivyo alikuwa anaiwakilisha nchi changa katika siku isiyorudi, na kumtumia kama kielelezo cha mazoezi ya Jumanne ni kumtendea isivyo haki yeye na magoti ya watu wengine. Kisichotajwa sana ni kwamba baada ya goti kupona alirudi kukimbia, na mwaka 1970 alishika nafasi ya tano katika marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh. Kwa mtu wa kawaida mwenye jeraha, miaka hiyo miwili kati ya Mexico na Edinburgh ingekuwa na mafunzo mengi zaidi kuliko saa ile moja ya uwanjani.

Mfano wa pili ni wa Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyeshinda marathoni ya Roma mwaka 1960 akiwa peku. Wiki chache tu kabla ya Olimpiki ya Tokyo ya mwaka 1964 alifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo, na wengi waliona safari yake imekwisha. Badala yake alishinda tena, safari hii akiwa amevaa viatu, kwa saa 2 dakika 12 na sekunde 11, muda ambao haukuwahi kufikiwa na mtu yeyote kabla yake. Katika kisa hicho yapo maelezo ya kifiziolojia pamoja na ushujaa. Uwezo uliojengwa kwa miaka hauondoki kwa wiki moja au mbili, na vipimo vilivyofanywa Marekani na Edward Coyle na wenzake, vilivyochapishwa mwaka 1984, vilionyesha kwamba wanariadha waliozoea mazoezi walipoyaacha kabisa, kiwango chao cha juu cha kutumia oksijeni kilishuka kwa takriban asilimia 7 katika wiki tatu za kwanza, na kwa takriban asilimia 16 baada ya wiki 12. Asilimia 7 si kitu cha kumfanya mwalimu wa Sandoa akimbie na malaria ili asipoteze mazoezi yake.

Habari njema zaidi kwa wenye kazi nyingi ilitoka Chicago. Katika mfululizo wa majaribio ya miaka ya 1980, Robert Hickson na wenzake waliwafanyisha watu mazoezi makali ya dakika 40, siku sita kwa wiki, kwa muda wa wiki 10, kisha wakapunguza sehemu moja ya mazoezi na kuacha nyingine kama zilivyokuwa. Waliopunguziwa siku, hata kufikia siku mbili tu kwa wiki, waliendelea kuwa na kiwango kilekile cha kutumia oksijeni kwa wiki 15. Waliopunguziwa muda, hata kufikia dakika 13 kwa siku, nao hawakushuka katika kipimo hicho. Walioshuka ni wale waliopunguziwa ukali, yaani walioendelea na siku na dakika zilezile lakini kwa kujivuta. Maana yake kwa mtu wa shamba au wa zamu za mgodi ni kwamba katika kipindi cha shida siku na dakika zaweza kukatwa bila hofu, mradi zibaki chache ambazo pumzi inapanda kwelikweli. Tahadhari moja tu inafaa hapa: vipimo hivyo vinahusu kulinda kilichokwisha kujengwa, na hakuna anayejiandaa kwa marathoni kwa dakika 13.

Upande wa Kolwezi, ambako mji uko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na maisha ya wengi hufuata zamu ndefu za migodini, za mchana na za usiku, adui mkubwa kuliko wote ni usingizi. Utafiti wa mwaka 2014 uliowahusu wanamichezo vijana wa Marekani uliona kwamba waliolala chini ya saa nane waliumia mara 1.7 ya wenzao, na ingawa vijana wa shule si sawa na dereva wa lori la mgodini, hakuna sababu ya kudhani kwamba mfupa wa mtu mzima hujikarabati vizuri zaidi akikesha. Anayetoka zamu ya usiku asubuhi hufanya busara akilala kwanza na kukimbia alasiri, hata kama jua ni kali, na akiepuka kingo za barabara kuu ambako malori ya shaba na kobalti hutimua vumbi ambalo hakuna pafu linalolihitaji.

Jeraha linapokuwa limekwisha kutokea, uamuzi wa kwanza ni kujua limekaa wapi. Maumivu ya kano na ya mbele ya goti kwa kawaida huvumilia mazoezi kidogo, ilhali maumivu ya mfupa hayavumilii. Mfupa wenye ufa huuma mahali padogo panapoweza kufunikwa kwa ncha ya kidole, huuma zaidi kadiri mbio zinavyoendelea, huuma mtu anaporuka kwa mguu mmoja, na mara nyingine huuma usiku kitandani; mwenye dalili hizo anapaswa kuacha kukimbia kabisa na kwenda hospitalini, na asimruhusu mtu yeyote, hata awe mkandaji hodari wa kijiji, kuusugua mguu huo kwa nguvu. Dawa za kutuliza maumivu zinazouzwa dukani, kama vile diklofenaki na ibuprofeni, hazifai kumezwa kabla ya mbio, kwa sababu huficha onyo ambalo mkimbiaji analihitaji, na mwili uliopungukiwa maji huku ukiwa na dawa hizo huweka figo mashakani.

Kwa kano ya kisigino, ile kamba nene inayoshuka kutoka kwenye shavu la mguu, tiba iliyopimwa vizuri haihitaji mashine. Mwaka 1998 Håkan Alfredson wa Umeå, Sweden, alieleza jinsi wakimbiaji 15 waliokuwa na maumivu sugu walivyorudi kwenye mbio zao baada ya wiki 12 za zoezi moja tu, ambalo laweza kufanyika kwenye ngazi ya baraza la nyumba yoyote ya matofali. Mtu husimama kwa vidole kwenye ukingo wa ngazi huku visigino vikining'inia nje, hujiinua kwa mguu mzima, kisha huhamishia uzito kwenye mguu unaouma na kukishusha kisigino polepole mpaka chini ya usawa wa ngazi. Hurudia mara 15, kwa mizunguko mitatu, goti likiwa limenyooka, na mizunguko mingine mitatu goti likiwa limekunjwa kidogo, asubuhi na jioni, kila siku, jumla mara 180. Zoezi likiwa jepesi, mkoba wa mgongoni hutiwa mchanga, na mchanga ndicho kitu ambacho Sandoa haikosi. Majaribio ya baadaye hayakupata mafanikio kamili kama yale ya kwanza, lakini zoezi lenyewe, pamoja na mengine ya kubeba uzito polepole, limebaki kuwa msingi wa tiba.

Swali la kama mtu huyo aendelee kukimbia lilijibiwa na Karin Grävare Silbernagel na wenzake wa Göteborg mwaka 2007. Wagonjwa wa kano walioruhusiwa kuendelea na mbio walipona sawa na walioacha kwa wiki sita za mwanzo, kwa sharti kwamba maumivu yasivuke 5 katika kipimo cha 0 hadi 10, na yawe yametulia kufikia kesho yake asubuhi. Asubuhi hiyo ndiyo hakimu. Hatua za kwanza kutoka kitandani kuelekea chooni zikiwa ngumu kuliko jana, mzigo wa jana ulizidi, hata kama mtu hakukimbia na alikuwa shambani tu.

Pale mguu unapokataa kishindo, vitabu vya nchi tajiri hushauri kukimbia ndani ya bwawa la kuogelea, ushauri usiofaa mahali ambapo maji yaliyopo ni ya mto, pamoja na kichocho na mamba wake. Baiskeli, au kinga kama watu wa Katanga wanavyoiita, ipo kila mahali na hufanya kazi hiyohiyo: humpandishia mtu pumzi bila kuuvunja mguu, na nusu saa yenye vipande sita au saba vya kukanyaga kwa nguvu vya dakika mbili mbili hulinda sehemu kubwa ya kilichojengwa. Ni sharti lakini iwe baiskeli ya kupanda. Kusukuma baiskeli yenye magunia ya makaa au mihogo kupandisha mlima ni kazi nzito ya shavu la mguu na kisigino, na aliyefanya hivyo saa mbili hawezi kusema kwamba leo alipumzika.

Chakula nacho kimo katika hesabu. Bukari, yaani ugali, ya mihogo hutoa nguvu nyingi za kukimbilia lakini protini kidogo sana, kwa hiyo bila maharage, karanga, samaki wakavu au viwavi pembeni ya sombe, yaani mboga ya majani ya mihogo, misuli na mifupa hukosa vifaa vya ukarabati. Mwanamke anayelima, kutwanga, kubeba na kukimbia juu yake, huku akila baada ya wengine wote, huweza kufika mahali ambapo mwili, kwa kukosa nishati ya kutosha, huanza kuzima kazi zisizo za lazima, na dalili ya wazi ni siku zake za mwezi kukatika. Wataalamu wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki walitoa tamko kuhusu hali hiyo mwaka 2014, wakionya kwamba mifupa hudhoofika na nyufa huja. Tiba yake ni chakula zaidi na mbio kidogo, wala si vidonge. Kuhusu malaria hakuna mjadala: mwenye homa hakimbii, na hata homa ikipoa damu huwa imepungukiwa chembe nyekundu, hivyo wiki ya kwanza au mbili ni za kutembea na kukimbia polepole kwa mwendo unaoruhusu mazungumzo. Mwenye vinasaba vya selimundu, ambayo hospitali za Kongo huiita drepanositozi, hata kama ni mbebaji tu asiyeugua, aepuke kujikaza kwa ghafla katika joto kali bila maji.

Kalenda inayofaa Sandoa inaandikwa na mvua. Miezi ya ukame, kuanzia Mei hadi Septemba, asubuhi ni za baridi na shamba linadai kidogo, na huo ndio wakati wa kujenga, mara nne au tano kwa wiki, nyingi zikiwa za polepole. Mvua zinapoanza Oktoba na watu kuingia kulima na kupanda, mpango wa mbio ukate siku mpaka zibaki mbili, moja ya dakika 25 zenye vipande vya kasi, nyingine tulivu, zote za asubuhi kwa kuwa mawingu ya alasiri huleta radi. Safari ya kwenda shambani na kurudi, kama ni ya mwendo wa saa mbili, ihesabiwe kuwa ndiyo mbio ndefu ya wiki hiyo. Na Mei inaporudi, kipimo ni kile cha Aprili. Aliyekuwa akikimbia dakika 30 kwa mara ndefu kuliko zote mwezi huo huanza na dakika 33, ingawa Septemba iliyopita alikwenda saa mbili bila taabu, na wengi wa wanaoonekana wakichechemea mwezi Juni walianza Mei kwa hesabu ya Septemba.